Carburateur mu gunia ya maharage

Mupendwa mushauri, Yaya Tumaini, naomba unisaidie mbele nipasuke, mie ni mama wa batoto bane hapa Butembo, ndoa yetu iko na miaka kumi na moya, bwana yangu Phinées ni mécanicien, ni mutu muzuri, hapana kunywa, hapana kupiga, kanisa hakose hata siku moya, mais iko na ugonjwa moya tu na ile ugonjwa inaitwa otirodi.

Kama haujue otirodi nitakuelezea, aliiona mu telefone, ni magari ya zamani ya Wamerika, banaikata, banaishusha chini, banaondoa capot, ile kifuniko ya mbele, moteur inabaki inje kila mutu anaiona, kisha banapaka picha ya moto pembeni sawa gari inaungua, alors Phinées akasema na yeye atatengeneza camionnette ya vile, hapa hapa, na mbongo tulikuwa nazo ni za masomo ya batoto tu. Akaenda kwa noko yake, ndugu ya mama yake, kwenye kulikuwa Peugeot 404 bâchée juu ya majiwe tangu mbele tuoane, kuku njo zilikuwa zinataga mayayi ndani, noko akasema beba, lakini unijengee kwanza nyumba ingine ya kuku, donc wiki ya kwanza ya otirodi bwana yangu alikuwa anajenga nyumba ya kuku.

Kisha zamu ikafika ya nyumba yangu. Bomba ya moshi akaikata mu chuma ya kitanda yetu ya zamani, mifuniko ine ya sufuria zangu ikaenda kufunika magurudumu, niliuliza, "Phinées, sombe nitafunika na nini?" akaniambia, "Masahani iko." Taa za mbele zilitoka ku pikipiki mbili zenye zilikufa, mbao za nyuma alipewa na mutu wa kutengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, na ile picha ya moto ilipakwa na fundi wa kuandika mabango ya salon de coiffure, mais rangi nyekundu ikamuishia upande wa kushoto, akamalizia na ya kijani. Nitasema kweli, Yaya, ile siku hata mie nilicheka mpaka nikakaa chini, na siege, ile kiti ya mbele, nilimushonea mie mwenyewe kwa vitenge vyangu vya zamani.

Sasa nifike kwa zambi yangu. Mie ni wa Kalunguta, na mu mali ya ndoa yangu kungali mbuzi tatu zenye Phinées hajamaliza kulipa, papa yangu anangojea miaka kumi na moya bila kusema neno, sasa Phinées akaniambia, na furaha yote, "Mama Sagesse, safari ya kwanza ya otirodi ni kwenu. Zile mbuzi tatu nitazipeleka ndani yake, siku ya fête, ile sherehe ya familia." Yaya, nikaona haya. Sababu dada yangu Hadassa aliolewa na mutu wa kuleta bidhaa toka inje, beko banakuyaka ku fête na jeep nyeupe ya vioo vyeusi, na mie nitafika na gari bila capot, inalia sawa moulin ya kusaga mihogo, moto ya kijani pembeni, mbuzi zinachungulia nyuma, bamama bote ba Kalunguta banasimama inje kuangalia.

Basi siku moya, vendredi, siku ya tano ya juma, alipoenda kutafuta vyuma mu centre, nikaingia garage, nikatoa carburateur, ile kitu inachanganyaka essence na hewa mbele iingie mu moteur, ukikaa miaka kumi na moya na mécanicien utajua ni boulon mbili tu, nikaifunga mu sachet, nikaisukuma katikati ya gunia ya maharage mu depo. Nilisema ni wiki mbili, fête ipite, nitairudisha mahali yake kimyakimya na yeye atafurahi. Mais ile carburateur hauwezi kuipata tena, aliipata kule mu muji wa Beni kwa chauffeur moya muzee, Papa Aruna, na alitengeneza camion yake wiki tatu njo apewe.

Phinées alitafuta, akapindua garage yote, akainama chini ya vitanda, mpaka akasema ni mutu aliiba. Na mwenye alikuwa na funguo ingine ni Syauswa peke yake. Syauswa ni soudeur, fundi wa kuunganisha vyuma, rafiki yake tangu primaire, miezi kumi alikuwa anasouder otirodi bila kulipwa, ni bugali yangu tu njo ilikuwa inamulipa. Siku ya Mungu, ku mulango wa kanisa, batu bote banatoka, Phinées akamuambia, "Syauswa, wewe tu njo uko na funguo. Rudisha kitu yangu." Syauswa akamuangalia, akauliza, "Phinées, ni mie?" mara moya tu, kisha akaweka funguo chini, akaenda, hata masque yake ya kusouder aliiacha kwetu mpaka leo. Na mie, Yaya, nilikuwa nasimama pale na Biblia mukononi, nikanyamaza.

Ungesema yaishie hapo, mais ingine ikafuata. Juma iliyopita ilikuwa ibada ya mavuno, unajua kwetu kila familia inapeleka kitu ya shamba na kisha ibada banauzisha pale inje, mwenye anataja bei kubwa anabeba, mie nilienda mbele kupanga viti na bamama ba chorale, nikaacha neno kwa mama mukwe wangu Masika kama atume ndizi, na yeye akaona ndizi ni haya, akaita mutu wa pikipiki akamubebesha gunia. Ile gunia! Nilisikia tu shemasi anaita na sauti kubwa, "Maharage ya familia ya Phinées!" Nikasema nitanunua mie mwenyewe, nikainua mukono, bamama bakacheka, "Mama Sagesse ananunua maharage yake!" Na nyuma kabisa Syauswa akasimama, akataja bei yenye hakuna mutu angefikisha, batu bakapiga mikono, sababu bote balijua Phinées alimuita mwizi, na yeye ananunua sadaka ya Phinées mbele ya kanisa nzima ili aonyeshe hana kinyongo. Phinées alitazama viatu vyake.

Sasa gunia iko kwa Syauswa. Nasikia bangali banakula ya zamani, haijafunguliwa, mais beko na batoto sita na maharage hapana kukaa kwao. Siku bibi yake atatia kikombe ndani, atatoa carburateur, na kila mutu atasema, aha, kumbe iko kwake, na bwana yangu atakuwa wa kwanza. Niende usiku niseme mama mukwe alikosea gunia, nimupe ingine kubwa zaidi? Nitume mutu ainunue? Niombe tu na kunyamaza? Hapana kutaja jina yangu ku radio. Mie mama mwenye haya, Butembo.

* * *

Mama mwenye haya, barua yako nimeisoma mbele ya micro mara ya kwanza leo, sawa vile tunafanyaka, na Gamaliel wa technique iko analia machozi ya kucheka nyuma ya kioo. Na mie nilicheka. Nilicheka kwa nyumba ya kuku, nikacheka kwa masahani, mais nilipofika pale Syauswa anauliza "ni mie?" nikaacha kucheka, mama.

Sikia nikugombeze kidogo. Haya yako uliiweka mahali haina kazi. Ukasikia haya juu ya capot, ukasikia haya juu ya rangi ya kijani, na pale ku mulango wa kanisa, mutu musafi anaitwa mwizi na wewe uko na jibu mu depo yako, pale haya ikakuwa wapi? Ile siku njo ilikuwa siku ya kuona haya! Ukasimama na Biblia sawa nguzo. Vraiment, mama.

Na ile mipango yako yote ni ya kuongeza uongo. Gunia ingine kubwa zaidi? Syauswa hatauliza juu ya nini? Utamuambia nini, ile ya kwanza ilikuwa na mawe? Na kumbuka ile gunia si yako tena. Mulimupa Mungu, na Syauswa akalipa. Hauna ruhusa ya kuigusa hata na kidole, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu.

Bwana yako naye, hapana kufikiri nimemusahau. Phinées, kama uko unasikia, wewe ni mukubwa wa nyumba na unaita ndugu yako mwizi mbele ya batu juu ya funguo? Miezi kumi ya kusouder bure haikukuambia kitu? Ungemuita pembeni, mukae, muongee. Ile pole yenye utamuomba haitaombwa mu salon yake polepole, hapana. Utaiomba kwenye ulimuharibia jina, ku mulango wa kanisa, siku ya Mungu, batu banatoka, na sauti ile ile.

Sasa mama, fanya hivi. Umuambie bwana yako kwanza, neno kwa neno, bila "lakini Hadassa", bila "lakini jeep". Atapiga kelele, muache apige, ni haki yake. Kisha muende kwa Syauswa bote babili, ku miguu, mubebe ile masque yake na funguo, mubishe mulango. Wewe njo utasema, si Phinées. Utasema ni mie. Kisha umuombe Syauswa afungue gunia yeye mwenyewe mbele yenu na mbele ya bibi yake, na mukono wake njo utoe ile kitu. Kama anafukuza, murudi kesho. Kama anafukuza tena, murudi kesho kutwa, na mubebe jogoo. Mutu mwenye alitaja bei ile ku mavuno hatafunga mulango siku tatu.

Kuhusu Kalunguta, mutaenda. Papa yako anangojea mbuzi tatu miaka kumi na moya, unafikiri ataangalia capot? Ataangalia kama mukwe wake alikuya. Hadassa na jeep yake bakae na amani, hakuna mutu alikupa kazi ya kushindana nabo. Mais Phinées, ile barabara nilipita juzi, hata camion zinagusa tumbo chini. Wamerika bako na lami. Inua ile gari kidogo, mbele ya kuaibika katikati ya matope na mbuzi za watu.

Na safari ya kwanza, Syauswa njo atakaa mbele pembeni ya chauffeur, ku siege ya vitenge. Wewe mama utakaa nyuma na mbuzi. Hapana kunijibu, hii ni hukumu yangu, na Gamaliel ameikubali.

Basi nimebadilisha majina yote sawa vile uliniomba. Phinées haitwe Phinées, Syauswa haitwe Syauswa, hata Kalunguta si Kalunguta. Lakini mama, nilisoma na sauti kubwa, mu micro, kama kuko mutu hapa Butembo alipaka gari moto nyekundu upande moya na kijani upande mwengine, na nilikuwa nimeshamaliza ile sentensi njo Gamaliel akaniinulia mukono. Unisamehe. Ile gari kila mutu anaijua, batu ba pikipiki banapita mbele yake kila siku, na sasa hivi kuko kama bateja batatu ba bwana yako banatembea upesi kuelekea garage na radio mukononi. Numero ya telefone yako hatuna, hukuandika. Saa hii ni dix-sept heures vingt, saa kumi na moya na dakika makumi mbili ya jioni. Naweka wimbo moya wa chorale wenye beti saba, na nimemuambia Gamaliel arudilie mara mbili. Acha sufuria hapo, vaa viatu, kimbia, umufikie bwana yako mbele yabo.