Jina Ndani ya Saa ya Kuzamia

Hamburg, Ijumaa

Baba, shikamoo.

Fundi wa saa wa mtaa huu ninaokaa, mzee anayekaribia miaka themanini, aliniambia Jumanne kwamba saa yako ya kuzamia ni nzima, na kwamba jina la mwisho lililoandikwa ndani yake ni la mdogo wangu Bakari. Ndiyo, saa ile. Ninayo mimi. Ninayo tangu asubuhi niliyoondoka Likoni, miaka tisa iliyopita.

Nimeanza na hilo ili usilitafute katikati ya salamu. Sasa nakuuliza hali. Mama anasema sikio lako la kulia halisikii tena kabisa na la kushoto limeanza kukuuma. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Sitaki Mama alipigie kelele jambo hili mpaka wapangaji wa nyuma walisikie kabla yako. Mimi ni mzima. Baridi imeingia na kazi inaendelea.

Kazi ndiyo iliyonifikisha hapa. Mhariri wangu alinituma niandike kwa nini watu bado wanazitaka saa za kale za wazamiaji, zile zilizoonekana kwenye filamu. Nilikwenda kwenye ukumbi wanapokutana wanaozikusanya. Daktari mmoja wa meno alikuwa nazo kumi na moja. Nikamwuliza huzamia wapi.

"Mimi? Hata kuogelea sijui," akasema, na wenzake wakamcheka. "Nilimwona yule mtu wa filamu nikiwa mtoto. Anatoka majini, anatazama saa, hana wasiwasi. Na mimi nikitazama yangu kwenye foleni ya benki, sina wasiwasi."

Mwenzake alinieleza kwamba hawataki mpya. Wanataka uso uliofifia na kioo chenye mikwaruzo, alama kwamba kuna mtu aliitegemea saa hiyo ili arudi juu akiwa hai. Kisha akaiona saa iliyo mkononi mwangu. Akauliza, "Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya baba yangu. Alinipa."

Baba, hukunipa.

Ule mkanda wa video wa filamu hiyo sijausahau. Uliusimamisha kila mara pale mpelelezi anapoutoa mkono majini. "Haya, tazameni! Saa ya baba yenu hiyo!" Bakari anaruka mkekani. Ukiuachia tena, unaanza kumkosoa: "Apanda mbio mno. Huyu angekuwa maiti, na wao wampa bibi wa kumbusu!" Mama anakuambia uache kuwaharibia watu picha. Halafu unatuonyesha ile pete inayozunguka uso wa saa: kabla ya kuingia majini unaizungusha mpaka alama yake ielekee mshale mrefu, ndipo ukiwa chini ya meli ujue dakika ngapi zimepita. Mimi nilitazama tu. Bakari ndiye aliyeizungusha kila siku, kwa sababu alitaka kuifanya kazi yako ya uzamiaji.

Siku ya safari ulikuwa nje ukipakia mabegi yangu kwenye teksi. Saa ilikuwa ndani ya bakuli, juu ya kabati. Nilitaka kitu chako. Nikajiambia nikifika nitakueleza.

Wiki ile ile Bakari akapiga simu. "Dada, saa ya Baba haionekani. Hukuiona?"

"Sijaiona."

Mama akaniuliza siku mbili baadaye, nikamjibu vile vile. Kazini nimewabana watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Wewe ukahesabu ni nani aliyekuwa akiishika, ukamwita Bakari mwizi barazani, watu wakisikia. Akahamia Miritini kupakua malori. Hajazamia hata siku moja. Idi zote hizi hajala kwako, na mimi nilijua kwa nini.

Miaka yote nilijifariji kwamba nimechukua kitu cha baba yangu, na baba husamehe. Jumanne fundi akaifungua. Kumbe mafundi, kila wanapoitengeneza saa, huandika kwa sindano ndani ya mfuniko: mwezi, mwaka na jina la mwenye saa. Yako ina maandishi matatu ya fundi wako wa mjini. Mawili ni jina lako. La tatu ni Bakari, na mwezi ni ule ule nilioondoka. Ulikuwa umeipeleka kwa fundi ili umpe yeye. Yeye hakujua, wala mimi sikujua. Nilimwibia yeye, kisha nikanyamaza akaitwa mwizi wa kitu chake.

Nilimpigia jana, nikamwambia yote.

"Yatembea bado?" akauliza.

"Yatembea."

"Basi mwambie Baba wewe. Mimi nilimwapia wallahi, hakunisadiki."

Nikamwomba aje nyumbani nitakapofika wiki ijayo. Akasema, "Siji kwa kuitwa nawe, Dada. Aniite aliyenifukuza."

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba umwite.

Barua hii anaileta Zuhura wa Kisauni, mwanafunzi anayekaa jirani nami hapa; atakufikia Jumatatu. Nisalimie Mama, na umwambie kwamba naye nilimdanganya. Nisalimie Shangazi Mwanasiti, aliyenifunga leso kiunoni siku ile akisema nisisahau nilikotoka. Nisalimie ndugu yako Amu Juma, ambaye peke yake alimtetea Bakari; alikuwa sahihi. Mke wa Bakari na watoto wake wawili, ambao hujawahi kuwapakata, nitawasalimia mwenyewe.

Saa sitaituma kwa mkono wa mtu. Ndege yangu inatua Alhamisi saa nane mchana. Bakari ataingoja simu yako mpaka jioni ya siku hiyo. Wewe sema, Mama atakusikilizia majibu. Ijumaa, baada ya swala, nitakuwa barazani, mbele ya wale wale waliokusikia, niseme aliyeiba ni mimi.

Mwanao aliyekukosea,
Mwanamisi