Kengele ya Shule Iliyoita Mbuzi

Dada Mwanasha,

Nakusalimu kutoka Kwale, kwetu kwa zamani. Wale wahunzi waliosubu kengele za mbuzi wa baba bado wapo, na sasa, baada ya Uhuru, mjukuu wao amepata kazi ya kusubu kengele ya shule. Kama ilivyo desturi yao, aliijaribu kwa kuigonga kila alipowapa mbuzi wa mtaa pumba. Leo mwalimu mkuu alipoigonga, mbuzi wa mtaa mzima wakajaa darasani.

"Chukua kengele yako, siitaki!" akamfokea mhunzi.

"Subiri, mwalimu," mhunzi akambembeleza. "Wenye mbuzi waja."

Wakaingia mbio wachungaji, watoto wasiowahi kukanyaga shule. Mwalimu akawatoa mbuzi, akafunga mlango, watoto wakiwa ndani. Kengele imebaki.

Mola akuponye magoti, uje uisikie.

Kaka yako