Nani Amemuua Usta Gaballah

Iskandaria, 13 Ramadhani

Baba mpendwa,

Kabla hata ya salamu nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Maneno uliyoyasema jana kwenye tamthilia, pale Usta Gaballah, fundi mwokaji unayemwigiza, anapomkuta mwanawe akiiba hati ya duka lake la mikate, hayakuandikwa na mwandishi. Ni yangu. Yeye aliandika, "Ewe mwana, moyo wangu unavuja damu kwa usaliti wako!" Nilijaribu kukusomea hivyo kwenye kaseti mara nne, nikaona aibu. Nikasema tu, "Umekula?" Ndivyo unavyoniuliza kwenye simu kila ukikosa la kusema.

Nisamehe. Nilijua hutagundua, kwa kuwa karatasi za mwandishi huzioni tena na unajifunza kwa sauti yangu.

Bi Tafida wa ghorofa ya chini alilia juu ya sahani yake ya kunafa tamu ya futari. Akamwambia mumewe, "Umeona baba wa watu?" Mumewe akajibu, "Mimi ningemuulizaje kama amekula, na chakula umekimaliza wewe?"

Sisi hatujambo. Tunasubiri ufe katika sehemu ya kumi na nane, kama walivyopanga, urudi kwa daktari wa macho tarehe ishirini. Nimetumia kalamu nene ili usome mwenyewe.

Binti yako,
Nashwa

Kairo, 15 Ramadhani

Nashwa mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mimi mzima, ila nimejikwaa kwenye waya za taa, mguu umevimba kidogo.

Barua yako nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, nikacheka mpaka mpambaji akanipaka wanja puani. Msamaha wa nini? Mwongozaji amenibusu kichwa mbele ya watu! Mwandishi naye anatamba kwamba sentensi fupi ndio ufundi wake. Mwache.

Sasa sikia: sifi! Wamenirefushia hadi sehemu ya thelathini. Miaka thelathini na moja ya kuigiza, mwanangu. Nimekuwa bawabu, kadhi, maiti mara mbili, sauti ya punda redioni, na jukwaani mfalme aliyeuawa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Leo muuza magazeti ameniita kwa jina. Ni jina la Gaballah, lakini ameniita.

Daktari atasubiri. Kwenye kaseti za kesho, tia chumvi ileile. Umekula?

Baba yako

Iskandaria, 17 Ramadhani

Baba,

Natumaini mguu umepona. Sisi wazima, ila Mama akikuona kwenye televisheni anaizima, kisha anaiwasha kuangalia kama bado uko hai.

Daktari hatasubiri. Alisema mbele yangu: presha ya macho ikishachukua, hairudishi. Mimi ndiye niliyekuongezea siku kwa neno langu, na sasa kila nikibonyeza kitufe cha kurekodi naona ni mimi ninayekupofusha. Nimechoka. Wenzangu wa shule wameingia chuo, mimi kutwa nimejifungia kabatini kati ya makoti ili kelele zisiingie kwenye kaseti, nasoma maneno ya wazee unaowaigiza. Sikulalamika kwa sababu ulisema ni mpaka sehemu ya kumi na nane.

Kaseti niliyompa leo Ami Mitwalli wa treni akuletee ina maneno ya mwandishi peke yake. Chumvi hamna.

Na nimempigia daktari. Ndiyo, mimi. Mara mbili aliitikia nikakata simu. Ya tatu nikasema. Amekupa nafasi ya mwisho, tarehe ishirini na sita, kabla hajafunga kwa sikukuu.

Nashwa

Kairo, 21 Ramadhani

Mwanangu,

Salamu. Barua yako imekaa mfukoni siku tatu.

Jana nilisema maneno yote, kwa sauti safi, nikiwa nimeuelekea mlango. Kijana anayecheza mwanangu alikuwa amesimama dirishani. Mwongozaji akafoka, "Ustadhi Wagdi, unaongea na bawaba?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikadai nilikuwa natania.

Nikiwaambia macho yamekwisha, hakuna atakayeniita tena, hata kuwa maiti. Nikiondoka hivihivi, mkataba utanifunga. Mwandishi mwenyewe sasa amechoka na Gaballah, anataka kumuua, lakini kila kifo anachoandika mwongozaji anakichana akifoka, "Kelele tupu!" Leo mwandishi kaniuliza, "Ungekuwa wewe, Ustadhi, ungesema nini?"

Nimekosa la kusema. Umekula?

Baba yako

Iskandaria, 22 Ramadhani

Baba mpendwa,

Sisi wazima. Kaseti iliyo pamoja na barua hii ni fupi, isikilize ukiwa peke yako; maneno yake ndiyo haya.

Gaballah yuko kitandani, anakufa. Mwanawe amerudisha hati, amesimama mlangoni, anaogopa kuingia. Usimtafute. Tazama popote, useme, "Nani huyo? Sogea, mwanangu. Sikuoni."

Basi. Akisogea, mpapase uso taratibu, kama ulivyonipapasa mimi mwezi uliopita stesheni, ukajifanya unanifuta vumbi. Hutaigiza chochote. Utasema ukweli mbele yao wote, nao watadhani ni uigizaji.

Mwambie mwongozaji ni wazo limekujia. Mwandishi atatamba, tumwache. Wakirekodi kifo hicho tarehe ishirini na nne, kesho yake uko kwenye treni ya Ami Mitwalli. Futari nitakuwekea, na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza kama umekula.

Mama hajui lolote. Bi Tafida atalia mtaa mzima usikie. Wakikuuliza nani amemuua Usta Gaballah, nakuomba, Baba, usinitaje. Usimwambie mtu hata mmoja.

Binti yako,
Nashwa