Sahani Mbili za Vitonge vya Kakao

Jumapili, kabla ya magharibi. Hapa Jericho, Nairobi, kuna ile baridi ya Julai inayokufikia mifupani hata ukivaa sweta mbili. Mume wangu Mutua amempeleka binti yetu Mwende kununua daftari, Baba amekaa nje kwenye baraza, na mimi nimebaki na simu na chai iliyopoa. Moyo umenijaa leo. Acha niandike kwenye shajara yangu kabla haujatulia.

Baba ninayemtaja ni baba mkwe wangu, Mkamba wa Mwala, mchongaji wa vinyago. Kwa zaidi ya miaka arobaini amechonga twiga katika karakana moja hapa Eastlands. Mwekee twiga hamsini mezani, atakuonyesha yupi amechongwa na nani, na yupi amechongwa na mtu aliyekuwa na njaa. Halafu mwezi wa pili akapata kiharusi. Mdomo ulirudi sawa, mguu ukarudi nusu, mkono wa kulia ukakataa kabisa.

Siku ya nne tangu atoke hospitali alimpigia simu mpwa wake Kioko, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchonga, akamwambia aje achukue vifaa vyake vyote: patasi, visu, na tezo tatu, vile vishoka vya kuchongea ambavyo mipini yake imeshikwa hadi ikang'aa. Alisema mkono umekufa na hataki vifaa vife nao. Kioko alipiga chenga miezi mitano. Leo mvua, kesho ana kazi, kesho kutwa anaumwa na jino. Vifaa vikalala ndani ya gunia chini ya kitanda cha Baba. Wiki jana Baba akapiga simu tena, safari hii kwa ukali, na Kioko akakosa pa kukimbilia. Akasema atakuja Jumapili.

Jumapili ndiyo leo.

Kabla sijafika kwa Kioko, wacha niungame. Kule kliniki, mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alituambia kila asubuhi mtu wa nyumbani amshike mzee mkono, amkunje vidole kimoja kimoja, amnyooshe. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu, na Baba akatazama dirisha. Mimi ni Mluhya. Kwetu mke wa mtu hamshiki mkono baba mkwe, hata salamu tunasalimiana kwa mbali, na kwao Ukambani heshima hiyo wanayo vilevile. Mama mkwe alishatutangulia mbele ya haki. Mutua ni dereva wa lori huko Industrial Area, anatoka Mwende akiwa bado anakoroma. Mchana kutwa nyumbani tunabaki wawili, mimi na Baba, na mkono ambao siwezi kuugusa.

Walimpa na mpira wa kuminya. Akauweka juu ya kabati. Alisema hajawahi kucheza mpira akiwa mtoto na hataanza sasa.

Kila asubuhi alikuwa anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Vifungo saba. Uji unapoa, yeye yuko cha tatu. Mimi nilikuwa najifanya naosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi, shajara, nilivirudia tu ili nisigeuke. Kuna siku nilimkasirikia, nikatamani arudi Mwala nisiwe naona. Halafu nikajichukia kutwa nzima. Sijawahi kumwambia Mutua hilo.

Vitonge vilianza kwa sababu nyingine kabisa. Mtaalamu wa lishe alisema Baba apunguze chumvi, sukari na mafuta, na hapohapo akasema amekonda mno, nyama ya mkono imeyeyuka, anahitaji protini. Mzee ambaye Jumamosi zake zote zilikuwa soko la Burma, mbele ya nyama choma na kachumbari, ghafla akawa anatazama bakuli la ndengu bila chumvi kama mtu anayesoma barua ya kufutwa kazi. Alikula vijiko vitatu, akashukuru, akasukuma bakuli.

Nikaingia kwenye simu kutafuta. Nikamkuta dada mmoja mwenye jiko linalong'aa akitengeneza vitafunio vya chokoleti visivyopikwa, blenda upande huu, kopo la unga wa protini kubwa kama ndoo upande ule. Blenda sina. Kopo hilo nimeliona dukani mjini, nikalisalimia na kupita. Lakini kinu ninacho, na njugu za kukaanga, na tende, na unga wa soya, na asali ya Kitui ambayo shangazi yake Mutua hutuletea kwenye chupa ya soda. Kilichobaki ni kakao tu. Nikasema, huyu dada hanishindi.

Alinishinda. Unga wa soya niliutia mbichi, nikidhani kisichopikwa maana yake hakuna kitu chochote kinachogusa moto. Mwende alionja kimoja, akakitoa mdomoni akakitazama.

"Mum, mbona hii inakaa kama ndengu mbichi?"

Baba alikula viwili, vyote, akatafuna polepole akitazama ukuta, kwa sababu chakula cha mke wa mwana hakitemwi. Jioni ile tumbo lake lilinguruma mpaka jirani akauliza kama kuna lori limeegeshwa nje. Hakunilaumu hata kwa jicho. Siku hiyo nilimpenda mzee huyu kwa namna mpya.

Mara ya pili nilikaanga soya kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mwiko ukizunguka tu, hadi ile harufu ya maharagwe ikaondoka na ikaja harufu ya njugu. Nikatwanga njugu, nikaponda tende zilizolowekwa maji ya uvuguvugu, nikatia kakao na kijiko kimoja cha asali. Ukaja mchanganyiko mweusi, mzito, unaonata vizuri. Nilikuwa nimeuweka mezani mbele ya Baba nianze kuviringa, nikasikia kelele nje kwamba maji yamekuja. Mtu wa Eastlands akisikia maji yamekuja hata kama anaolewa atashika mtungi. Nikakimbia.

Niliporudi, nimelowa hadi magotini, nilikuta vitonge kumi na moja vimejipanga mezani. Vyote saizi moja, laini, mviringo uliokamilika, kama vilitoka kiwandani. Baba alikuwa ameviviringa kwa mkono wa kushoto, juu ya meza, kwa kiganja. Alipaka mafuta kidogo kwanza. Hakuna aliyemwambia apake mafuta.

"Ulikuwa unakauka," alisema, kama mtu anayejitetea.

Nilisimama pale na mitungi yangu. Nilikuwa namtazama mtu ambaye kazi imerudi mkononi mwake bila yeye kuiita, na nikaona aibu kuona, ila safari hii sikugeuka. Ndipo nikatunga uongo ambao naungama hapa.

"Baba, mimi vyangu hupasuka. Sijui nakosea wapi. Ungekuwa unanisaidia."

Alifikiri. Akasema nina haraka, na kitu chochote cha kuviringa au kuchonga hakipendi haraka. Akasema atanisaidia hadi nijue.

Tangu hapo ikawa kila Jumanne na Ijumaa. Mimi nakaanga, natwanga, nachanganya, naweka mezani, nakaa upande wa pili. Meza iko katikati yetu na heshima iko mahali pake. Wiki ya pili nilimwona anaweka donge chini ya kiganja cha kulia. Mkono ulitetemeka, ukalala, akausaidia na wa kushoto. Kitonge kilichotoka kilikuwa kama kiazi kilichokanyagwa. Alikitazama kwa ukali ule anaowatazamia wanafunzi wake, akanyanyuka, akachukua sahani nyingine.

Ikawa sahani mbili. Ile ya bati ya buluu ni ya mkono wa kushoto, ile nyeupe ya maua ni ya mkono wa kulia. Na sheria ikatoka: mgeni hapewi vya sahani ya maua. Mtoto hapelekewi shule vya sahani ya maua. Hivyo ni vya nyumbani, vya kuliwa na aliyevifanya. Mimi nilikuwa naviiba. Ladha ilikuwa ileile, na labda ilizidi.

Mpira bado uko juu ya kabati, una vumbi.

Sijui ni kitonge cha ngapi ndipo vidole vilianza kukunjika vyenyewe. Najua tu mwezi jana alishika kijiko kwa mkono wa kulia, akala ndengu nusu bakuli, akakirudisha kushoto bila kutangaza. Mtu mwingine angeita mtaa mzima. Yeye aliniambia soya ya siku ile ilikuwa imeungua kidogo.

Lakini kuhusu gunia hakubadilisha neno. Kijiko si tezo, alimwambia Mutua. Na kweli, kuviringa kitonge si kuchonga twiga, hilo hata mimi nalijua.

Leo basi Kioko kaja mapema, saa nane, tulikuwa hatujamtarajia kabla ya saa kumi. Kijana mrefu, mpole, vumbi la mbao halimtoki kwenye kope hata Jumapili.

"Sasa shemeji. Mzee yuko?"

Nikamkaribisha, nikakimbilia chai. Vitonge vya Ijumaa vilikuwa dirishani. Friji hatuna, na Julai yenyewe ni friji. Kwa ile pilikapilika nikachukua sahani zote mbili, nikamimina kwenye sinia moja ili mgeni aone limejaa, nikaweka mezani. Nikageuka kuchukua vikombe. Ndipo nikakumbuka sheria.

Leo, kati ya siku zote. Mbele ya mwanafunzi wake, aliyekuja kuchukua vifaa vyake.

Baba naye alikuwa ameona. Alinyoosha mkono, akaanza kutafuta vya sahani ya maua ili aviondoe. Akachukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Akachukua kingine, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akakirudisha. Cha tatu alikiviringisha kwenye kiganja muda mrefu. Mutua aliacha kuongea. Kioko alidhani mjomba wake anachagua kizuri zaidi, akangoja kwa adabu.

Hakuvipata.

Mzee anayewatambua twiga hamsini kwa mikono iliyowachonga hakuweza kutambua kitonge cha mkono wake mwenyewe wa kulia. Mimi pia nilitazama, na nilivila hivyo miezi miwili. Sikujua kipi ni kipi.

"Kula, Kioko," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kioko akala. Akala cha pili. Akauliza nimevinunua wapi, nikasema muulize aliyeviviringa. Tukanywa chai. Tuliongea kuhusu mbao siku hizi, jinsi mti mzuri wa mhugu umekuwa wa kutafutwa. Mwisho Mutua akaingia chumbani, akalivuta gunia, akaliweka sakafuni. Nilisikia vyuma vikigongana ndani. Kioko hakulisogelea.

Baba aliinama mwenyewe, akafungua kamba ya gunia, akatoa tezo ndogo kuliko zote. Aliishika kwa mkono wa kulia. Mkono ulishuka kidogo kwa uzito, nikaona, sitadanganya. Akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Imekuwa butu," alisema. "Siwezi kumpa mtu chuma butu. Nitazinoa kwanza."

"Nikusaidie, mzee?"

"Nimesema nitazinoa."

"Sawa, mzee. Mimi sina haraka."

"Najua huna haraka. Miezi mitano nakuita."

Mutua alicheka hadi akapaliwa na chai. Kioko naye akacheka, na nilipomsindikiza hadi barabarani aliniambia jambo moja tu: "Shemeji, afadhali. Mimi ningezibeba vipi zile tezo?" Macho yake yalikuwa na maji, akasema ni vumbi. Ameondoka na mkebe wa vitonge ishirini chini ya kwapa, na gunia limebaki.

Niliporudi ndani, Baba alikuwa anakusanya makombo ya kakao mezani kwa vidole vya kulia, moja moja. Hakuinua macho.

"Mama Mwende," alisema. "Vyako havijawahi kupasuka."

Nikasema soya imeisha, nitanunua nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akachukua ile tezo na jiwe la kunolea, akatoka barazani. Ndiyo sauti ninayoisikia sasa hivi nikiandika, chuma juu ya jiwe. Anasugua kidogo, anapumzika kirefu, kisha anasugua tena.

Nimekaa nikijiuliza ni nani alikuwa anamfundisha nani pale mezani. Sina hakika, na sijali sana.

Kesho Jumatatu Baba ataamka na vifungo vyake saba. Nitampa uji, nitajimiminia chai na mimi, nami nitakaa. Vyombo safi nitaviacha kabatini.