Kilemba cha Asubuhi ya Kwanza

Tiberia, Jumapili asubuhi

Kwako dada yangu Sultana,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Shemeji Armand na wote mlio nao huko Dimona. Goti linasemaje? Binti yako Hodaya aliniambia daktari amekukataza ngazi, nawe kila siku unapanda kwenda kuanika nguo. Mimi mzima, ila nimechoka. Joto la mwaka huu limetukalia mabegani, na upepo wa ziwani ukija nao unakuja na joto lake.

Utashangaa kupata barua na simu tunazo. Kwenye simu ungenikatiza, ungeanza kulia, nami ningesema basi, tuyaache. Isome ukiwa umekaa.

Kazi ipo. Kile chumba cha chini ndicho duka na ndicho darasa, na vitambaa vimejaa hadi dirishani. Wanaokuja hawana muda wa mapambo. Awe mwalimu, awe nesi, awe mama wa watoto watano, kila mmoja anataka kilemba cha kufunga kwa dakika mbili kisichoteleza hadi jioni. Nawaanzishia na ukanda wa mahameli unaoshika nywele, juu yake kitambaa cha pamba, maana hariri inateleza kama sabuni. Nawaonyesha kukivuta nyuma ya shingo, kupishanisha ncha, kuzirudisha juu ya paji la uso, kuzisokota na kuzichomeka. Ukikaza mno, ikifika saa nne kichwa kinagonga. Ukilegeza, unashinda umekishika kwa mkono. Wiki iliyopita msichana anayekaribia kuolewa alijitazama kwenye kioo akasema, “Mama, nimekuwa kitunguu.” Nikamwambia wote huanza kitunguu, mwezi ujao atakuwa mtu. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Siku hizi hata kucheka ni sehemu ya kazi.

Jumatatu ya wiki juzi alikuja mwanamke kijana anaitwa Reut, muuza mikate wa jirani na stendi ya mabasi. Aliketi mbele ya kioo, akasubiri wengine waondoke. Kisha akaniambia kwamba ameachika tangu baada ya Pasaka. Rabi wake amemruhusu apunguze huku kufunika nywele kama mke wa mtu, afunike kidogo tu, au hata aache kabisa, ili apate kuolewa tena. Mama yake naye amemwambia akithubutu, asikanyage kwake. Yeye mwenyewe hajui anataka nini. Aliniomba nimfunge namna ambayo mtu akimwangalia hataweza kujua kama ana mume au hana.

“Nimechoka kusomwa kichwani, mama,” alisema.

Nilichagua kitambaa cha kijivu, nikaanza kukunja. Akaniuliza, tukitazamana kwenye kioo, kama namjua mtu yeyote aliyepitia hayo akabaki salama. Nikamjibu kwamba sijui kitu katika hayo, mimi nina mume wangu, ashukuriwe Mungu. Nilisema hivyo bila mikono kusita. Akasema, “Mungu akutunzie,” akashukuru, akaenda zake.

Dada, sina mume.

Mimi na Prosper tulipeana talaka majira ya baridi, miezi saba iliyopita. Hakuna mwanamke mwingine, usianze kumtafuta. Vijana walipohamia Haifa, nyumba ilibaki na watu wawili wanaoulizana kama chumvi ipo. Asubuhi moja akimenya yai aliniambia kwamba amechoka kupishana nami kama madereva wa zamu. Nilitaka kumbishia, nikamsogezea chumvi. Kwenye mahakama ya marabi aliidondosha karatasi ya talaka viganjani mwangu, nikaambiwa niiweke kwapani, nitembee hatua chache, kisha nirudi. Ikawa imekwisha. Nilipotoka, karani mmoja mwanamke alinifuata ukumbini. Nilidhani nimesahau kutia sahihi. Kumbe alitaka kujua nimefungaje kilemba changu. Nikamfundisha palepale, Sultana, kwenye benchi, dakika kumi baada ya kuachwa, na alikielewa vizuri.

Kwa hiyo Prosper niliyekwambia ana homa siku ya Pasaka hakuwa na homa. Anapanga chumba Afula. Na zile ndimu za chumvi ulizomtumia nimezila peke yangu, nimesimama jikoni. Wanangu wanajua. Mimi ndiye niliyewasihi wanyamaze, basi usiwalaumu.

Jumanne, kesho yake, nilimfuata Reut kazini kwake. Ilikuwa saa sita, foleni imefika mlangoni. Nikakaa kwenye foleni kama wengine, na zamu yangu ilipofika nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba jana nilimdanganya, kwamba mimi pia nimeachika. Aliweka chini koleo la kushikia mikate.

“Tangu lini?”

Nikamwambia tangu baridi.

“Na hapo kichwani umemfungia nani?”

Mzee nyuma yangu akasema mikate inapoa na yeye ana basi la kuwahi. Nikanunua mkate, nikaondoka.

Swali lake nimekaa nalo. Siku mbili baadaye nilijaribu kutoka na kofia tu, nywele zinaonekana shingoni. Nilifika getini nikarudi. Nilijiuliza kama ni woga wa majirani, na kwa sehemu ni woga kweli. Lakini nilipokaa kufunga upya sikuwa na haraka. Nilichukua kile cha zambarau na cha mchanga, nikavisokota pamoja, nikarudia mara tatu hadi nikaridhika. Hakuna aliyekuwa akinisubiri nje wala aliyekuwa akiniuliza nimemaliza. Nimeamua nitaendelea kufunika. Nikimwona Reut tena nitamwambia najifungia mwenyewe. Hana haja ya kuniiga.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi ulinipigia ukaniomba nilale kwenu baada ya harusi ya Hodaya, ili asubuhi yake ya kwanza ya ndoa nimfunge kilemba cha kwanza. Nikakubali, nikakata simu, nikakaa kitandani. Unajua kwetu mama alivyotaka: kilemba hicho kifungwe na mikono iliyotoka kwenye nyumba yenye mume. Asubuhi yako wewe, mama mdogo Friha alikuwa mjane wa mwaka mmoja, na mama alimwambia akae jikoni hadi kazi iishe.

Sijawahi kukusimulia ya jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikatumwa nimpelekee chai. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kumenyea viazi, amevaa gauni lake la sherehe, mikono mapajani. Akaniuliza kilemba cha Sultana kimetokeaje. Nikamwambia kweli, kwamba kimekaa upande. Aliinua vidole vyake, akaanza kufunga hewani, taratibu, kana kwamba kichwa chako kiko mbele yake, hadi akamaliza. Kisha akanywa chai. Ulishinda siku nzima na kilemba cha upande, dada, watu wakikupongeza, na mtu pekee katika ukoo wetu aliyejua kufunga alikuwa hatua kumi kutoka ulipokaa.

Mimi jikoni sikai. Ukitaka mikono yenye mume, niambie waziwazi, sitakununia. Nitakuja harusini, nitacheza hadi miguu ikatae, kisha nitaondoka na basi la mwisho na vitambaa vya Hodaya nitamwachia Armand. Ukitaka yangu, mwambie Hodaya kwanza ni mikono ya nani, umsikilize yeye, usiwasikilize majirani. Akisema nije, nitamfunga kinyooke.

Nisalimie Armand, umwambie apande yeye hizo ngazi. Hodaya mbusu machoni. Nawatakia Sabato njema itakapofika, na wewe uipate barua hii ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako,
Zohara