Mliosema Nimeacha Kuimba

Amosi na Ritha,

Uji uko kwenye chupa. Kuku wapeni maji. Dawa nimemeza.

Asubuhi mwalimu wa kwaya alipita hapa akasema, "Pole mama, wanao wametuambia umeacha kuimba." Wanangu wenyewe! Mnaona aibu mkono wangu ukitetemeka mbele za watu? Daktari alituambia sote: huu ugonjwa wa Parkinson uko kwenye ubongo, na ubongo unachangamka nikiimba, nikipepeta mtama, nikitembea. Nikikalishwa tu, unazidi kulegea. Mkaitikia, "Sawa, daktari."

~~Leo sirudi.~~ Nimeenda kwaya kwa miguu, nitarudi jioni. Msinifuate na bodaboda. Miguu ikiganda njiani huwa naanza wimbo, inanyanyuka. Hamjui, kwa sababu hamjawahi kutembea nami.

Mama