Mabuti ya Kwenda Barafuni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, anayekuandikia akiwa amekaa kwenye stuli ya jikoni kwa sababu viti vyote vimejaa makoti ya watu. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji hajambo? Na wanangu wawili, yule mkubwa ameshang'oa lile jino, au bado analificha kwa ulimi akidhani hamlioni? Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, nakula na kulala. Ila wiki nzima hii nimechafukwa na moyo, na si kwa kitu nilichokula.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara mbili, na mara zote mbili nikakata kabla hujapokea. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningetoa maneno yasiyorudi mdomoni. Kwa hiyo nampa barua hii yule mwalimu, mteja wako, anayesafiri kesho asubuhi. Amesema ataifikisha mpaka dukani, na nimemsisitizia akupe mkononi, si kwa Shemeji.

Nianze na kazi, maana yote yametokea kazini. Unamkumbuka bosi wetu, yule anayevaa miwani ya jua mpaka ndani ya ofisi. Siku hizi tunamwita Theluji, kwa sababu mwaka huu ameota safari mpya: kuwapeleka watu arobaini kwa meli mpaka ncha ya kusini ya dunia, kwenye bara la barafu tupu, siku kumi na mbili majini. Mimi ndiye niliyepewa kuipanga. Vyumba vya meli, fomu za afya, makoti, mabuti, vyote vinapita mikononi mwangu. Nilidhani kupanga safari ya kwenda mahali pasipo na watu ingekuwa kazi safi. Dada, sijawahi kushika kazi chafu kama hii.

Yupo muuza vigae mmoja anayetaka kujua kama anaweza kumegua kipande cha ile barafu ya kale akitie kwenye kinywaji chake, ili apate kusimulia. Nilipomwambia kwamba kule hakichukuliwi kitu, hata kokoto, aliniuliza ni nani anayezihesabu. Yupo bibi harusi mtarajiwa anayetaka kupigwa picha amempakata pengwini, na ameuliza kama huwa wanaogeshwa kwanza. Theluji anawaitikia wote ndiyo, ndiyo, na kuwahimiza waende wakaione barafu kabla haijayeyuka, kama mtu anayemalizia samaki wa mwisho soko likifungwa. Nikimsikia nasikia kinyaa, kisha nageuka kwenye kompyuta na kuwapangia vyumba.

Nilimpigia kiongozi wa meli, mzee aliyekwenda kule mara kumi na moja, nikamuuliza ufuko wa pengwini ukoje. Alicheka sana. Alisema ndege wale wako maelfu, na kila mmoja hujisaidia hapohapo aliposimama, hivyo uvundo wao hukufikia melini kabla hujawaona, na nguo hufuliwa mara tatu ndipo ziingie nyumbani. Nikayaandika hayo kwenye kitabu cha wasafiri, watu wajue. Theluji aliyafuta kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "hewa ya asili".

Kisha makoti. Sheria ya kule ni kwamba isiingie hata mbegu moja ya kigeni. Kwa hiyo kila msafiri huleta ofisini koti na mkoba atakaoutumia, nami hupindua mifuko nje, hupitisha mashine ya kufyonza vumbi, na kuchokoa zipu kwa sindano. Hawa ni watu ambao ukipishana nao barabarani wananukia marashi mpaka unageuka. Mifukoni mwao nimetoa ubani uliotafunwa na kufungwa kwenye tiketi, kucha zilizokatwa, kitambaa cha kamasi kilichokauka mpaka kikasimama chenyewe, na mfupa wa kuku kwenye koti la wakili. Navaa glovu mbilimbili. Ofisini hapatoshi, ndiyo maana makoti mengine nimeyaleta nyumbani na sasa sina pa kukaa.

Yaliyobaki ni mabuti. Meli huwaazima wasafiri mabuti ya mpira, lakini sisi ndio tunaopeleka vipimo, na lazima mtu apimwe akiwa na soksi nzito, kwa sababu ukiteleza kule hakuna hospitali. Mimi hupiga magoti mbele ya kila mmoja, namvua viatu, namvisha soksi, najaribisha buti, kisha naandika namba na kufunga lebo. Nimeshika miguu ya aina zote mpaka nikisikia neno "miguu" chakula hakishuki.

Jumatatu alikuja mzee mmoja akiwa na fomu zake mkononi. Alivaa kofia safi na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Nilisoma jina. Ni lile jina lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, mstari wa pili, ambalo Mama alikuwa akilifunika kwa kidole kila tulipokwenda kuniandikisha shule.

Ndiyo, Dada. Yeye mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili alipoondoka, unamkumbuka sauti. Mimi nilikuwa na miezi minane, na Mama alipoulizwa alijibu siku zote kwamba kwake yeye huyo alishakufa. Basi marehemu alikuwa amekaa mbele yangu akilalamika kwamba kiti kigumu. Hakunitambua, na angenitambuaje? Kwenye kitambulisho changu cha kazi lipo jina la Babu mzaa Mama tu. Aliniita binti kama anavyoitwa binti yeyote. Nilimuuliza, kwa sauti ile ya ofisini, kwa nini amechagua safari hii. Akajibu kwamba katika maisha yake ameona uchafu mwingi, na kabla hajafa anataka kuona kitu kimoja kisafi. Nikaandika kwenye fomu: matembezi.

Nikapiga magoti. Nikamvua kiatu na soksi. Ulikuwa ukiniambia nilipokuwa mdogo kwamba kidole changu cha mwisho, kile kilichopanda juu ya jirani yake, sikukitoa kwa Mama. Nilikiona kilipotoka. Kimekaa vilevile, na ukucha wake umepinda vilevile kama wangu, umezungukwa na ngozi kavu inayobanduka. Kilinuka dawa ya kuchua na jasho la siku nzima. Nilitamani kwenda kunawa, na si mikono tu. Nilipokunja suruali yake juu niliona pindo limeshonwa mara mbili, na kwa ndani umepita uzi mwekundu. Nikajiambia mafundi wote hushona hivyo.

Sasa sikiliza vizuri. Alama ya soksi ilikuwa imezama kwenye kifundo kama mtu aliyefungwa kamba. Kidole gumba changu kilikwenda chenyewe. Nikabonyeza juu ya mfupa wa mguu, kama ulivyonifundisha kwa Mama mwaka ule wa mwisho, nikaachia, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilifika kumi na tisa na shimo la kidole bado lipo, dalili ileile ya moyo kuchoka. Aliniambia miaka yote yeye huvaa namba arobaini na moja. Buti lililokubali mguu wake ni arobaini na tatu, na akasema siku hizi wanayatengeneza madogo. Kuinama tu alivute buti kulimwacha anahema. Nikaitazama fomu: moyo, hapana, kuvimba miguu, hapana, kukosa pumzi, hapana. Chini ipo sahihi ya daktari na mhuri, sijui aliupata kwa nani.

Meli ile ina daktari mmoja na chumba chenye vitanda viwili. Kutoka barafuni mpaka hospitali ya karibu ni siku nne, bahari ikikubali. Ndiyo maana tuna sheria: anayempima msafiri akiona jambo analiandika chini ya fomu, na daktari wa meli huamua. Pana mistari mitatu mitupu kwa kazi hiyo. Niliiacha mitupu. Niliandika arobaini na tatu, nikafunga lebo, nikasema moyoni, nenda baba, nenda ukaone kitu kisafi. Alipokuwa anaondoka alinishukuru, akasema mabinti wa siku hizi hawapigi magoti, na kwamba inaonekana wazazi wangu wamenilea vizuri.

Siku mbili nilikaa na jambo hilo tumboni. Sikulia wala sikusikia huruma. Nilichosikia ni kichefuchefu tu, na nikakizoea, kama mtu anavyozoea harufu ya jirani.

Alhamisi nilikuwa naandika kadi za dharura, zile zinazokaa ndani ya koti: jina, aina ya damu, mtu wa kuarifiwa. Nikafika kwake, nikafungua ukurasa wa pili wa fomu. Namba ya mtu wa kuarifiwa ni ya duka lako. Si ile ya zamani. Ni hii mpya, uliyoipata mwaka jana, ambayo mimi mwenyewe nilikuandikia kwenye kibao cha mlangoni.

Hapo ule uzi mwekundu, unaoupitisha wewe kwenye kila pindo, ulinirudia. Nikamkumbuka pia Babu wa Biskuti, ambaye wanangu walinisimulia nilipokuja mara ya mwisho. Nilikuuliza ni nani, ukasema ni mteja, anapenda watoto. Ukaendelea kukanyaga cherehani bila kuinua uso. Dada, umemshonea suruali ngapi? Hukaa kwenye stuli gani, ile ninayokalia mimi nikija? Mama hajamaliza miaka mitano kaburini. Ningekuwa na wewe chumba kimoja siku ile sijui ningefanya nini, kwa sababu nilikuona wewe mchafu kuliko mifuko yote niliyopindua.

Lakini sijafika kwenye jambo lenyewe, nami nimeandika kurasa zote hizi ili nilifikie. Kando ya namba yako fomu inauliza uhusiano. Ameandika kwa mwandiko mzuri, bila kusita: "Binti yangu wa pekee."

Nilinyanyua simu hapohapo, hata kalamu sikuiweka chini. Nikamwambia daktari wa meli yote: mguu, hesabu ya kumi na tisa, pumzi, mhuri. Aliniuliza kwa nini sikuandika tangu Jumatatu, nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Akamfuta kwenye orodha papo hapo, akasema mzee yule asingerudi kwa miguu yake. Ijumaa aliandika barua ya kunisifu. Theluji akaisoma mbele ya ofisi nzima kwamba nimeokoa maisha ya mtu, na wote wakanipigia makofi. Nilienda chooni nikatapika.

Kwa sababu ukweli ni huu, na nakuungamia wewe maana sina mwingine. Ugonjwa wake niliuona Jumatatu nikanyamaza. Nilikuwa tayari afie huko. Sikumpigia daktari kwa kumwonea huruma, na sikukumbuka hata kwamba simu ya msiba ingelia kwako ukiwa na mkasi mkononi. Hilo nililifikiria baadaye, nikajaribu kulivaa kama sababu, likanikataa. Nilimpigia kwa sababu ya neno "pekee". Nilitaka kumnyang'anya barafu yake. Kama angeandika tu "binti yangu", au angeandika "mmoja wa binti zangu", Mungu anisamehe, labda ningekaa kimya mpaka meli iondoke.

Sasa nakuomba jambo moja. Jumatatu ijayo atapata taarifa kwamba hasafiri, na najua atakuja kwako kulalamika. Usimwache arudi kwa yule daktari wa mhuri. Mpeleke wewe hospitali, apimwe moyo. Kabla hamjatoka, mbonyeze mguu mwenyewe uhesabu, usinisadiki mimi. Umnunulie na viatu vya namba arobaini na tatu, atabisha, mwache abishe. Sijakusamehe, na wala sijaacha kukupenda. Mambo hayo mawili yanaishi ndani yangu bila kusalimiana. Nipe muda.

Akikuuliza ni nani aliyemsemea kwa daktari, mwambie ni yule binti aliyempima mabuti. Akikuuliza binti yule ni wa nani, hapo, Dada, jibu wewe. Mimi nilipiga magoti mbele yake na nikashindwa.

Nisalimie Shemeji, umwambie redio yake bado iko kwa fundi. Wanangu wabusu mmoja mmoja, na lile jino likitoka mniwekee. Mgongo usiuchoshe, agizo la sare za shule lisubiri. Mimi narudi kwenye makoti, yamebaki tisa.

Ni mimi mdogo wako,
Binti wa pili.